Mahali Alipolala Kaka Bakari

Mjukuu wangu Zaina,

Salamu kutoka Ampisikina. Sisi wazima. Shangazi yako kapata mtoto wa kiume, analia kama honi. Mimi bado nachambua nyuzi za rafia ghalani. Tangu babu yako afariki, afadhali kazi kuliko kukaa.

Unauliza kwa nini huko Ufaransa watu wanalipa kutazama meli ya vita iliyozeeka. Mimi niliingia moja nikiwa msichana, kisiwani Nosy Be. Kaka yangu Bakari alikuwa mtia makaa humo, akafia Ulaya. Mama alikuwa na hofu moja tu: mwanawe aliteseka na baridi. Basi meli ilipotia nanga kwetu, watu wakaruhusiwa kuitazama, tukaenda.

Mama akavua viatu kwanza, maana sitaha ilikuwa safi kama msikiti. Mabaharia wakacheka. Mmoja wao, Mngazija, akatupeleka kwenye mzinga.

"Huu, mama, unapiga mpaka kisiwa kile cha Nosy Komba."

"Nosy Komba wamekukosea nini? Nionyeshe mwanangu alipolala."

"Chini hakuna cha kuona."

"Nimezaa mimi, nitaona mimi."

Akatushusha. Kulikuwa na kulabu mbili za kutundikia kitanda cha turubai, jirani na tanuri. Mama akagusa ukuta, akarudisha mkono upesi.

"Kumbe alilala penye joto," akasema. Akacheka, huku machozi yanamtoka.

Kwa hiyo waitunze tu meli yao. Ila wewe ukiingia, mizinga iache. Shuka chini. Kulabu za watia makaa zipo, au wamezing'oa? Nataka kujua.

Bibi yako