Ng'ombe Katika Wimbo wa Pili

Katoyi, Goma, tarehe 6 Julai 2025. Huu ni mwaka wa kumi na nane tangu tukimbie Masisi.

Mwanangu Héritière, huko Osaka,

Nyimbo nne za wale vijana wa magitaa zimefika. Umesema hawana kampuni, wanazirekodi wenyewe, nawe unauliza zipi zinazidi nyingine. Ni wa pili na wa nne. Wa nne unaisha kwa gitaa moja tu, na mpigaji wake hana haraka. Wa pili niliusikiliza wiki nzima, maana mwimbaji alirudia "inka, inka," nikaamini kwamba anawalilia ng'ombe kwa Kinyarwanda chetu. Jirani yangu Zéphirin akacheka: "Muzee, hawa Wajapani walichungia wapi? Ku Masisi?" Kisha ukaniandikia kwamba anasema "inaka", yaani kijijini kwao. Bado ni wimbo mzuri, lakini sasa siumalizi.

Unataka nitangulie nyumbani, ili ukija Desemba unikute kwenye kilima chetu. Juzi mama Annonciata alifika kutoka huko. Nilipomuuliza habari za kwetu, alisema, "Papa Damascène, usiniulize." Nilimsihi. Nyumba haipo. Malisho yamelimwa na watu wasiotujua, na kaburi la mama yako limelimwa pamoja nayo. Pale sasa pana maharage.

Usifunge safari kwa ajili ya kilima. Nilikuwa nakuambia kila mwaka kwamba nangoja amani. Nisamehe. Sitarudi Masisi.

Papa yako,
Damascène