Shoka la Kusubu, Shoka la Kufua na Mguu wa Chuma

OFISI YA SHERIFU, WILLOW FORK, WYOMING
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Colter Yoakum. Umri: miaka 19. Kazi: kupiga farasi viatu vya chuma. Makazi: nyumba ya magurudumu, nyuma ya ghala la nyasi la Haskett.

Kwanza iandikwe kwamba mimi ndiye mrusha tomahoki, yaani vishoka vya kurusha, bora kuliko wote kati ya milima hii na bahari yoyote mtakayochagua. Nzi akitua kwenye gogo hatua kumi na tano mbele yangu, namuuliza anataka abaki na bawa lipi. Shule niliacha darasa la tisa, lakini gogo nalo halijui kusoma.

Mnamo tarehe 14 Juni 2014, Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, nilikuwa kwenye kambi ya mwaka ya warushaji, ng'ambo ya daraja. Mzee Verl Haskett, mhunzi, alikuwa kwenye kibanda chake cha miaka thelathini na moja. Tomahoki zake anazifua mwenyewe kwa nyundo, dola 160 moja. Kwenye kibanda cha pili alikuwa Bwana Trent Bascom, mgeni, akiuza zake kwa dola 95 na kuapa kwamba nazo zimefuliwa.

Nikachukua tatu zake nikazipanga. Zote zilikuwa na alama za nyundo, tena mahali pale pale, kama mapacha wenye kovu moja. Nikasema, "Bwana Bascom, nyundo yako ina kumbukumbu nzuri kweli!" Watu wakacheka. Hizo zimesubiwa: chuma kimeyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu, makovu yakazaliwa humo humo. Nikaining'iniza moja kwa kamba, nikaigonga. Ikasema ko, kama sufuria. Ya Mzee ikalia kama kengele ya kanisa.

Bascom akasema, "We dogo, chuma ni chuma. Ya huyo mzee wako imepigwa, yangu imepikwa. Kipi kitamu?"

Mzee akajibu bila kuinua macho, "Uji nao umepikwa. Jaribu kuchanjia kuni."

Sheria ya kambi ni hii: mteja hurusha mara tatu kabla ya kulipa. Shoka likivunjika, hasara ni ya muuzaji. Lakini ukilipiga kwenye chuma au jiwe kwa makusudi, umeharibu mali ya mtu. Bascom anadai Mzee alinituma nifanye hivyo. Ndiyo maana Mzee amekaa chumba cha pili hapa ofisini, kofia magotini. Likithibitika, kamati inampokonya kibanda.

Saa tatu na nusu nilirusha shoka la Bascom. Mara ya kwanza, katikati ya gogo. Mara ya pili, katikati. Mara ya tatu likagonga mguu wa chuma unaoshikilia gogo, likapasuka kwenye tundu la mpini, vipande viwili. Ndani lilikuwa na punje punje kama sukari guru.

Nikachukua la Mzee, nikalirusha kwenye mguu ule ule, pale pale. Makali yakapata pengo dogo kama punje ya mchele. Mzee akapitisha tupa mara nne, akanyolea nywele za mkono wake. Uwanja ukalipuka! Mama mmoja akanibusu, mwingine akanijazia bakuli la maharage. Kufikia saa sita, tomahoki kumi na moja za Mzee zilikuwa zimekwisha zote, na Bascom alikuwa anapiga simu hapa.

Mzee hakunituma. Alichoniambia asubuhi ile ni, "Vaa kofia, jua kali."

Afisa ameniuliza mara mbili kama ule mrusho wa tatu niliulenga mguu. Mara mbili nimesema ndiyo, maana kambi nzima inaamini hivyo, na nilipenda waamini. Sasa ameniambia, "Colter, ukilenga wewe, wataamini Mzee alikutuma, na kibanda anapoteza yeye."

Basi futa ile ndiyo. La Mzee nililenga chuma. La Bascom nililenga gogo.

Nilikosa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, sina la kuongeza.

(Sahihi) C. Yoakum

Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali. Ameomba neno "nilikosa" liandikwe kwa herufi ndogo zaidi. Nimekataa. Mzee Haskett ameruhusiwa kwenda zake saa 9:40 alasiri.
Naibu Sherifu D. Ockerman