Kinga ya Juu kwenye Mchanga wa Tarach

Kakuma, Februari 1996

Kwa dada yangu Akuwam,

Ejok, dada, ejok tena. Natumaini barua hii inakukuta Katilu ukiwa mzima, wewe na watoto, na mtama wenu umepata maji ya mto Turkwel. Ukiuliza juu yangu, mimi ni yule yule, mtu aliyezaliwa na bahati mpaka wenzake wanamwonea wivu. Nimepigana hapa Kakuma mbele ya umati, na mwilini sina hata mkwaruzo. Usijali huu mwandiko uliolala kama mbuzi wa kiangazi. Kalamu za huku ni mbovu.

Najua Amuria amefika huko kabla ya barua. Najua na alichosema, kwamba nimewauza Waturkana kwa wakimbizi. Huyo mtoto wa baba mdogo ana mdomo mrefu kuliko fimbo yake. Sasa sikia yangu.

Unakumbuka nilivyokaa Lodwar nikijifunza karate kwa Mwalimu Nakal, pale ukumbi wa kanisa, mpaka nikavaa mkanda wa kahawia. Nilipokuja huku kupakua magunia, unafikiri nilinyamaza? Niliwaambia wenye maduka, wauza kuni, hata punda, kwamba mikono hii ni silaha, kwamba nimeshinda mashindano Kitale na Eldoret wananijua. Ndicho kilichoniponza.

Kiangazi hiki, katika mto mkavu wa Tarach kilibaki kisima kimoja tu cha mchanga chenye maji matamu. Wanawake wetu walisema ni chao, wamekichimba wao. Wanawake wa Sudan kutoka kambini walisema kilikuwa kimefukiwa, wao ndio waliokifukua, na watoto wao pia wana koo. Wanaume wakaanza kushika fimbo. Mzee Lopeyok wa kwetu na wazee wa Wanueri, ndio hao Wasudan wa kambini, wakakubaliana kila upande utoe mwanaume mmoja, mikono mitupu. Ambaye mgongo wake utagusa mchanga, upande wake utateka maji nyuma ya wenzao mpaka mvua inyeshe. Macho yote yakanigeukia mimi. Baada ya domo lote lile ningejificha wapi?

Wao wakamtoa Wiyual, kijana mrefu kama mlingoti wa bendera, amejipaka majivu mwili mzima. Dada yake Nyamal akauliza kwa sauti, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu cha Juba, kama Waturkana wameishiwa wanaume hata wanaleta kifupi hiki. Nikamjibu kwamba kaka yake akianguka, tutangoja sana mpaka kichwa kifike chini. Watu wakacheka, hata wa kwao.

Basi, karate huanza kwa heshima. Nikabana miguu, nikaweka mikono mapajani, nikamwinamia. Kumbe kwao mwanaume akikuletea kichwa hivyo, mieleka imeshaanza. Wiyual akanidaka shingo. Nilipofumbua macho, naangalia mbingu.

Watu wetu wakapiga kelele kwamba huo ni wizi, pambano lilikuwa halijaanza. Vile visu vya kuvaa mkononi vikavuliwa ala. Lopeyok akachuchumaa kando yangu, akanisihi niseme neno moja tu, kwamba sikuwa tayari, ili turudie. Turudie nini? Nilimwangalia Amuria usoni nikajua nikisema hilo neno, watu wanauana papo hapo. Kwenye mashindano kuna refa. Mtoni alikuwepo nani? Nikasimama, nikatangaza kwamba nilikuwa tayari, nimeanguka, na maji wateke wao kwanza.

Hapo Amuria akanipita, fimbo juu, anamwendea Wiyual ambaye alikuwa amesimama tu anashangaa. Dada, ile kinga ya juu, mkono mbele ya paji la uso, niliyoirudia ukumbini mpaka Mwalimu Nakal akachoka kunitazama, ilitoka yenyewe. Fimbo haikumfikia. Watu wote walisikia ilivyolia kwenye mkono wangu. Ni vigumu kuanzisha vita na wageni wakati aliyepiga na aliyepigwa wote ni wa boma moja. Mmoja mmoja, visu vikarudi kwenye ala.

Sasa Lopeyok hanisalimii, na wanawake wetu wakinipita na madumu wananitemea mate miguuni. Amuria naye ametuma maneno nisikanyage Katilu kwenye harusi ya binti yako mpaka nikubali mbele ya wazee kwamba nilidhulumiwa. Mwambie nitakuja. Nitakaa mbele, nitakula nyama, nitacheza mpaka vumbi limwingie puani, na akiniuliza nitajibu vile vile nilivyojibu mtoni. Niliyekataa kudanganya mbele ya visu, nikadanganye mbele ya sufuria?

Wasalimie watoto wote, hasa bibi harusi, na shemeji mwambie anichagulie beberu mnono. Nyamal anakusalimu pia. Siku hizi ananiita kifupi kwa upole.

Ni mimi ndugu yako,
Emanikor

Dada, nimesoma tena kule juu nikaona haya. Kalamu haina kosa. Mkono wangu wa kulia umevunjika. Naandika kwa wa kushoto, na Wiyual ndiye aliyeshika karatasi isiteleze. Ile bahati niliyokuandikia mwanzoni ni uongo.