Mfuko Uliokwenda Salale

Zaituni mke wangu,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha sufuria yako kubwa, ile uliyokuja nayo ukiwa bibi harusi. Msiba umetokea Jumanne mchana, hapa nyumbani Kibiti, baada ya marehemu kuungua na wali kwa muda wa nusu saa. Ameacha kifuniko kimoja, mwiko mmoja na mpishi mmoja asiyejua kupika. Mazishi yamefanyika nyuma ya banda la kuku. Habari ziwafikie masufuria na vyungu vyote popote vilipo.

Najua unacheka. Cheka, lakini usinilaumu upesi. Sikuwa nimelala, wala sikuwa kwenye bao. Nilikuwa nakimbia barabarani, ndala mguu mmoja, mwiko mkononi, nikiikimbilia bodaboda. Na jirani zetu wote walitoka kuangalia, kama unavyowajua.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja. Yule yule binti wa miwani aliyekuwa akija tulipomchukua Somoe, uliyempa jina la mkaguzi wa mioyo. Ulipofariki, faili letu lilirudi nyuma. Mwombaji mmoja hayupo, aliyebaki ni mwanamume peke yake, na mtoto ni wa kike. Wakasema lazima waangalie upya kama Somoe abaki kwangu au apelekwe kwingine. Tangu hapo nimeishi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, mimi niliyewasubirisha watoto wa watu miaka yote hii.

Unamkumbuka alivyokuja? Miaka mitano, amejifunga kanga ya marehemu mama yake, binamu yako wa Salale. Bibi yake macho yalikuwa yamefifia, hawezi tena kumfuata mtoto kwenye matope ya mikokoni. Sisi hatukujaliwa. Sheikh akatuambia tumlee, lakini jina la baba yake tusiliguse. Hatukuligusa. Mpaka leo ni Somoe Selemani.

Na mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, sikumpa hata wiki. Siku ya tatu nikamkalisha kwenye kigoda, nikainua kikombe.

"Somoe, hiki nini?"

Kimya. Nikainua kijiko. Kimya. Nikamwonyesha picha ya tembo. Akanitazama kwa adabu, lakini kwa mbali, kama mtu anavyomtazama kichaa wa sokoni. Nikakufuata jikoni nikakwambia mtoto huyu mzito, akili yake imechelewa. Ukaendelea kukuna nazi.

"Mwalimu," ukasema, na ukiniita hivyo nilijua nimekwisha, "labda anakuonea haya. Mtu mzima na ndevu zako, hujui kikombe?"

Nilidhani ni mzaha wako tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ulikuwa umesema kweli. Kule alikokulia, kwenye dungu, kibanda cha juu cha kulindia ndege katikati ya shamba la mpunga, mtu mzima humwuliza mtoto jambo asilolijua. Ndege wametua upande gani? Maji yamefika wapi? Nani kapita na mtumbwi? Mtoto akijibu, jibu lake lina kazi: watu wanainuka, wanakwenda. Sasa anakuja jitu zima limeshika kikombe, linakinywea chai kila siku, halafu linauliza hiki nini. Mtoto mwenye heshima zake afanye nini kama si kunyamaza?

Lakini wakati ule sikuyajua haya. Niliandika moyoni: mzito. Kisha tukagundua chakula chini ya godoro. Mhogo wa kuchemsha, nusu andazi, mkia wa samaki. Siafu wakatuhamia. Nilitaka kutoa amri, unajua napenda amri. Wewe ukaweka bakuli lenye kifuniko kando ya kitanda chake, na ndani yake chochote kilichobaki. "Akijua kipo, ataficha cha nini?" Nikakwambia sasa tunafuga siafu rasmi. Miezi ikapita, bakuli likawa linakutwa asubuhi halijaguswa, na godoro safi. Mimi ndiye niliyekuwa mzito wa mawazo; mtoto alikuwa anahesabu tu kama kesho nayo ina chakula.

Baadaye ukamweka barazani kwenye cherehani yako. Akachambua vifungo, vikubwa huku, vidogo kule. Akajua nyuzi kwa rangi na wateja kwa mishono yao. Kisha ukampa tepu: "Nenda kampime Mwalimu kiuno." Akaja, akanizunguka, akabana namba kwa vidole viwili, akakimbia nayo kwako. Ukaisoma kwa sauti ili mtaa mzima usikie. Hesabu za mtoto yule, Zaituni, zimejengwa juu ya tumbo langu, na hakuna aliyenishukuru.

Sasa yuko darasa la tatu. Anasoma, anaandika, anagawanya, na mashati yangu anayashona vifungo bila kuambiwa. Sisemi ni muujiza. Bado mtu akipaza sauti ghafla anaganda palepale alipo. Kusoma mbele ya wenzake ni kama kung'olewa jino. Lakini namwona anavyokwenda, na kwa hilo sina wasiwasi hata chembe.

Ulipoondoka wewe ndipo alipoanza tena kuficha. Siku ya pili baada ya khitma yako nilikuta vitumbua viwili ndani ya foronya. Nilikaa kitandani kwake na vile vitumbua mkononi. Nikavirudisha. Halafu nikalitafuta bakuli lako. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika siku ya msiba, nikawa nafunika kwa sahani. Sasa nafunika kwa kifuniko cha marehemu sufuria. Ni kikubwa mno, kinafanana na kofia ya mkwe, lakini kinazuia siafu. Jana asubuhi nilitandua kitanda chake, nikapekua kila pembe. Hapakuwa na kitu.

Turudi Jumanne. Nimeinjika wali ili mkaguzi wa mioyo aone kwamba mgane huyu anapika. Somoe amekaa mkekani mbele yake. Binti wa watu akatoa kadi zake za picha, akainua ya kwanza.

"Somoe, hii ni nini?"

Somoe akaitazama kadi. Akamtazama yeye.

"Kwani dada weye huijui?"

Nilitaka ardhi inimeze. Afisa akacheka, akamwambia anaijua, anataka tu kusikia kwake. "Haya," akasema Somoe, na akazijibu zote mpaka ya mwisho. Alipomaliza akamfariji: "Usijali. Baba naye alikuwa hivyohivyo, akapona."

Kisha akatumwa nje kuangalia kuku, na mimi nikageukiwa.

"Mwalimu, uliwahi kufikiria kumrudisha?"

"Hata siku moja," nikasema.

Akaandika. Akafunga faili, akaaga, akapanda bodaboda. Mimi nikabaki mlangoni na mwiko wangu. Nilimsikia Somoe uani anawahesabu kuku kwa sauti ile unayoifanya wewe. Ile uliyokuwa ukiifanya wewe. Nikaona kwamba maisha yake yote yatawekwa juu ya neno nililomdanganya yule binti, na siku moja Somoe atalisoma faili lile, maana kusoma anajua. Ndipo nilipokimbia.

Niliwapata njia panda, wanawapisha ng'ombe. Nikamweleza huku nahema, yeye kavaa helmeti, sijui hata kama alisikia vizuri. Alisikia. Akaivua, akatoa kalamu.

"Mwalimu, kila nyumba naambiwa hata siku moja," akasema. "Sasa naweza kuandika abaki, na nikaamini ninachoandika. Mengine ni ya mahakama." Akanyoosha kidole juu ya bega langu. "Nenda, baba. Ule moshi unatoka kwenu."

Na wewe nikwambie nililomwambia, maana miaka yote ile tuliishi nalo nyumba moja na hatukulitamka.

Somoe alikuwa na miezi minne kwetu. Nilikwambia nampeleka Salale akamsalimie bibi yake. Haikuwa kweli. Nilikwenda kumrudisha. Asubuhi ulipotoka kuchota maji, nilizikunja nguo zake zote, magauni matatu, kandambili na kanga ya mama yake, nikazisokomeza kwenye mfuko wa bluu, nikaufunga kamba, nikauacha mlangoni nikaenda kuoga. Uliporudi ulinitazama huku ukinipa vitumbua vya njiani. Ulisema tu, "Msalimie sana mama mkubwa."

Kwenye boti mtoto akafumbuka. Miezi minne alikuwa hajanipa maneno kumi, mara akaanza kunionyesha mikoko kwa majina: ule mkandaa, ule mchu, pale kaa anatoka. Nahodha akashika mkono wa kushoto wa mto, Somoe akamwambia maji yanatoka, kule tutakaa kwenye tope. Nahodha akabisha, akaangalia, akageuza. "Mwalimu," akaniambia, "mwanafunzi wako anatusomesha wote." Tulipofika nilishuka kwa haraka zangu, nikazama mpaka magotini, na mzito wangu akanielekeza nikanyage mizizi.

Nawatangazia watu kwamba pale ndipo nilipofunguka macho. Uongo. Niliona akili zake, na badala ya kuona aibu nikapata kisingizio kizuri zaidi. Nikamwambia bibi yake: "Mama, huku ndiko kwake. Huku anajua kila kitu. Kule kwetu hajui hata kimoja."

Bibi alikuwa anachambua dagaa kwa vidole, macho yapo kwingine.

"Huku anajua kwa sababu tulimwonyesha," akasema. "Kwenu mmemwonyesha nini?"

Nikatafuta jibu. Nilikuwa na kikombe, kijiko na picha ya tembo. Nikanyamaza, kama mtoto mwenye adabu.

"Basi," akasema, "kama umeshindwa, umeshindwa. Mlete. Fungua mfuko nione nguo zake."

Nikafungua kamba. Akaingiza mikono, akavuta suruali yangu ya kaki. Akaipima kiuno kwa shubiri, akaipima tena.

"Mtume! Somoe kanenepa hivi?"

Akavuta shati langu la kazini. Msuli wangu. Mswaki wangu. Hakuna gauni hata moja. Ulizitoa zote, Zaituni, ukanifungashia mimi. Kama kuna wa kubaki Salale, alikuwa ni mimi.

Na Somoe akacheka. Alikaa chini akacheka, akajishika tumbo, bibi yake naye akacheka, suruali yangu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa jirani. Sikuwahi kumsikia akicheka. Nilikuwa sijui hata kama anajua.

Tuliondoka na maji ya jioni, yeye kashika mfuko. Nyumbani ulikuwa umeandaa sahani tatu. Ukauliza, "Hawajambo?" Nikajibu, "Hawajambo." Ukachukua mfuko, ukarudisha suruali yangu kwenye msumari wake, ukapakua.

Ndivyo ilivyokuwa. Somoe hatamkumbuka Mwalimu aliyefungasha, atakumbuka suruali, lakini nitamwambia na lile jingine kabla hajalikuta kwenye faili. Pumzika, mke wangu, Mola akupanulie ulipo. Mfuko wa bluu nimeutundika juu ya cherehani yako. Nguo za Somoe hazitaingia humo tena mpaka siku atakayozipanga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwenda shule ya mbali. Na siku hiyo nitaingiza ndani, bila kumwambia, msuli wangu mmoja.

Wako asiyejua kikombe,
Mwalimu