Hitima ya Mtu Aliye Hai

Mjukuu wangu Zuhura,

Duka langu la kofia hapa Kuze nililipoteza ujanani, mwezi ule Mheshimiwa, mbunge wetu, alipofungwa. Naanza na hilo kwa kuwa umeniuliza ushahidi wangu ulinigharimu nini. Nyumbani tu wazima. Bibi yako akusalimu, goti bado lamsumbua.

Mheshimiwa alipigwa risasi, tukaambiwa amekufa. Tukamsomea hitima, watu thelathini, kila mtu na juzuu yake, kisha tukala pilau. Kumbe madaktari wamemwokoa! Alipopona akashitakiwa yeye, eti alijizulia kifo ili watu wafanye ghasia, na hitima yetu ilikuwa ya uongo.

Wa kueleza kortini kwamba tulilia kweli ni wale wale thelathini. Tulifika wawili, mimi na jirani yangu marehemu Athmani. Mheshimiwa alituona, akacheka pale kizimbani: "Ahlan! Na hao wengine, pilau yangu bado haijawashuka?"

Alifungwa hivyo hivyo. Wateja wakaniogopa, nikaanza upya kwa kusukuma mkokoteni Shimanzi. Nimechoka kuulizwa kama ilifaa. Nikumbukalo ni kwamba hukumu iliposomwa hakumtazama hakimu. Alitutazama sisi wawili mpaka akatolewa.

Kesi ya rafiki yako ni Jumatatu, nawe ulikuwapo siku ya tukio analoshitakiwa. Utakwenda kusema ulichokiona, au huendi? Nipigie kabla ya sala ya Ijumaa. "Nitaona, Babu" si jibu.

Babu yako,
Mzee Salim