Siku Ulipoitamka Faida Mbele ya Mzee Magesa

Dada Mwajabu,

Tangu tukuzike pale Nyasura mvua za vuli zimekuja na kuisha, na mimi bado nikipita sokoni Musoma nikaona jembe zuri nageuka nikuoneshe. Ukiwa hai hatukuwahi kuandikiana. Tulikuwa pamoja kila siku, barua ingekuwa ya nini? Leo ninayo haja.

Habari za huku si mbaya. Zuhura wako amefaulu kwenda sekondari. Shemeji Idi anajikaza, ingawa chakula anakula kidogo. Akina mama vibarua wetu wa bustani wote bado wapo kazini. Mama Bhoke amepata mjukuu wa kike, akatangaza kwamba ataitwa Mwajabu, na wao ni Wasabato kabisa. Mchungaji aliuliza mara mbili. Nilicheka, halafu nikalia.

Msibani watu walikusifu kwa mkono wako wa kupanda. Ni kweli, hata kijiti kikavu ulikuwa unakichomeka kikashika. Lakini mimi ninachokusifu ni kingine, na siku ile nilishindwa kukisema, niliona kitasikika vibaya karibu na jeneza. Nakusifu kwa jinsi ulivyokuwa unataja bei.

Unakumbuka tulipopunguzwa kazi kwenye bustani za serikali? Mimi mtoto wa wavuvi wa Mugango, wewe mke wa mfanyabiashara aliyefilisika, wote hatuna kitu ila majembe. Kazi yetu ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa Bunda, kwa yule mwalimu mstaafu. Tulitaja bei ndogo kwa sababu tuliogopa atatukatalia. Tukalipa gari la samadi, tukalipa waliobeba maji, ule udongo mweusi ukatushinda tukaita watu wa kusaidia kulima. Mwisho tukabaki na nauli ya kurudi Musoma, na hiyo nayo haikutosha wote wawili. Ulikaa kwenye jiwe pale barabarani, ukavua viatu, ukaniambia, "Vero, leo sisi ndio tumemlipa mwalimu."

Toka siku hiyo ukabadilika. Mtu akituita, ulikuwaga hutaji bei siku hiyo hiyo hata akubembeleze. Ulitembea kiwanja chote. Unachimbua udongo kwa vidole, unauliza maji yanatoka wapi, unauliza mbuzi za jirani zinapita wapi. Ukirudi nyumbani unaanza kuhesabu kwa sauti huku unasonga ugali: samadi, gari, maji mpaka mvua zije, akina mama, majembe yanayolika, miche itakayokufa. Kisha unatuhesabu sisi wawili, kama vibarua wengine. Mimi nilidhani tukishajilipa ndiyo faida yenyewe. Ukanikatalia. Mshahara ni wa mikono, ulisema, na faida ni ya kazi, ili kazi nayo iishi.

Na bei zenyewe wakati ule zilikuwa hazikai. Dizeli ilipanda, shilingi ilishuka, ukienda kuulizia kitu Ijumaa si bei ya Jumatatu. Kwa hiyo ulimwambia mteja wazi: hii ni bei ya wiki hii, ukichelewa tutahesabu upya. Wengine walinuna. Ukawaacha wanune.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya Mzee Magesa.

Alikuwa anajenga gesti pale kwenye mteremko wa mawe, akataka nyasi za kijani kutoka barazani mpaka ziwani. Tulikwenda kumpelekea bei. Ukamsomea moja moja kutoka kichwani, naye anaitikia, mpaka ukafika ya mwisho.

"Na hii ni ya nini?" akauliza.

"Faida."

Nikatazama chini. Nilijua neno hilo lilivyokuwa nyumbani kwako. Miaka ile ya uhaba, sabuni na sukari zilipopotea, kila mwenye duka aliitwa mlanguzi. Watu wa serikali walikuja dukani kwa Shemeji Idi wakabeba khanga, wakabeba sabuni, wakambeba na yeye. Aliporudi hakufungua tena duka. Akawa mtu wa kukaa na redio, na kwenu hakuna aliyetamka faida mbele yake. Na Mzee Magesa ndiye aliyekuwa anasimama mikutanoni kuhubiri juu ya walanguzi. Sasa milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na yeye yumo.

Akakuangalia. "Mwajabu, unataka kunilangua?"

Hukupandisha sauti. Ulimwambia, "Mzee, mshahara wangu nimeshautaja, ni wa mikono yangu. Hii ni ya kazi, ili miezi ya jua nikirudi hapa nisije mikono mitupu. Kwani wewe vyumba vyako utalaza watu kwa bei ya godoro?"

Akasema yupo mtu mwingine wa bei nafuu. Ukamtakia kheri, ukasimama, ukajitanda khanga yako vizuri. Dada, wakati ule hatukuwa na kazi nyingine yoyote. Nilikufuata. Njiani nikakuuliza kwa nini usimpunguzie hata kidogo. Ukajibu, "Nikipunguza leo, kiangazi nitamdanganya."

Tulikaa tunauza mchicha hadi alipotuma mtu kutuita. Mpaka leo sijui nini kilimgeuza. Alisema tu tuanze, kwa bei ile ile.

Kiangazi kilipokuja kilikuja kikali. Nyasi za upande wa mawe zikakauka zote, zikawa rangi ya katani. Mzee Magesa akatuita, na usoni nilimwona amejiandaa kudaiwa. Hakujua kwamba wewe ulishaagiza mkokoteni wa vipandikizi vya nyasi, na akina mama walikuwa nyuma yetu na madumu ya maji. Akauliza hii mara ya pili ni kiasi gani.

"Ulishalipa, Mzee," ukamwambia. "Ndiyo ile ya mwisho uliyoniuliza."

Akaagiza tuletewe chai, wote, na akina mama pia. Tulipokuwa tunaondoka akakusogelea akasema polepole, "Msalimie Idi." Ukasimama na reki mkononi. Ukajibu kwamba utamfikishia.

Ulimfikishia. Uliniambia alizima redio tu. Siku chache baadaye akakuuliza kama anaweza kupata pesa kidogo ya kununulia misumari ya kuuza. Ukampa kutoka kwenye faida iliyobaki, ukamwambia inatoka wapi, ukilitaja neno lenyewe mbele yake. Kibanda chake cha misumari mpaka leo kinasimama, na ndicho kinachomtoa nyumbani kila asubuhi sasa ambapo hupo.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema msibani.

Juzi nimekwenda Butiama peke yangu, mara ya kwanza bila wewe. Ni mama mmoja mjane anayejenga nyumba za kupangisha, anataka ua wa michongoma na maua mbele. Nilitembea kiwanja chote. Niliporudi na bei, niliitaja yote mpaka ya mwisho, faida. Akaniomba nipunguze, akasema sote ni wanawake. Nikamwambia ninaweza kupunguza maua, siwezi kupunguza malipo ya watu wangu. Hajanijibu. Huenda asinijibu.

Pumzika, dada yangu. Kwenu wamekuombea dua na mimi nimekuombea kanisani, Mungu atazipokea zote. Nakuahidi ada ya Zuhura haitakwama nikiwa na nguvu za kushika jembe. Na hao akina mama uliowakusanya, nikikosa kazi tutakosa wote, tutarudi kwenye mchicha. Lakini hakuna atakayewafanyisha kazi ya hasara na mimi nipo.

Mdogo wako,
Vero