Vifaa Viwili Kwenye Kioo

Mke wangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Huko Likoni, mtaani kwetu Shika Adabu, hamjambo? Mama miguu imepungua kuvimba? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, maana kwa simu utanikatiza, na leo lazima unisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu huku ugenini kusini waijua: nawapeleka wagonjwa wa figo jimbo la pili wakasafishwe damu. Kila jimbo lilikuwa na kifaa chake cha kulipia ushuru wa barabara, kidogo tu, cha kubandika kwenye kioo. Kila nikivuka nilibandika cha huko, na kingine nikakitia ndani ya kopo la biskuti mashine isikisome. Madereva wote tulifanya hivyo.

Juzi majimbo yakapatana: kifaa kimoja kipya kisomwe pande zote. Ofisi ikataka turudishe vya zamani. Wewe ukanambia, "Usirudishe bwana, akiba haiozi. Hicho kipya kikikataa je?" Nami, mume mtiifu, nikavibandika vyote viwili, kipya na kimoja cha zamani.

Leo asubuhi nilimchukua Bi Zaina peke yake, bibi wa Kingazija. Alikuwa amekosa zamu yake iliyopita. Uso umevimba, pumzi fupi. Tulipofika kwenye kizuizi cha ushuru, mashine ikavisoma vyote kwa pamoja, ikadhani kuna udanganyifu, ikalifungia gari letu. Nikabandua kimoja, wapi! Msichana wa kibandani akasema hana ruhusa ya kupokea hata pesa taslimu, tungoje makao makuu. Nyuma malori yamejipanga, siwezi kurudi wala kugeuza.

"Mwanangu, sioni vyema," Bi Zaina akasema.

Wallahi Mwanaisha, niliogopa. Nilikukasirikia wewe, nikajikasirikia mwenyewe, na msichana wa watu nikamfokea bure. Makao makuu hawashiki simu. Bibi akaanza kutamka shahada kwa sauti ya chini.

Nikashuka, nikamfungulia mlango.

"Nishike shingo, mama."

"Utanibeba mimi, na uzito huu?"

"Kizuizi hiki cha magari. Shika."

Nikainama naye mgongoni, tukapita chini yake. Honi zikalia, msichana akapiga kelele, nami sikugeuka. Upande wa pili mwenye gari la mboga akasimama bila kuuliza neno, akatukimbiza mpaka hapa. Gari la ofisi nimeliacha palepale, mlango wazi, ufunguo ndani, foleni nzima yanitukana.

Msimamizi ameshanipigia. Kuacha gari la kazi barabarani ni kosa la kufukuzwa, na kesho nikajieleze. Nitasema kweli yote, ila jina lako sitalitaja.

Nisalimie mama, umwambie dua yake naihitaji. Nisalimie shemeji fundi cherehani, na shangazi wa viazi karai ambaye najua barua hii ataisoma kabla yako. Mwanetu mbusu.

Nesi ametoka sasa hivi. Bi Zaina yuko kwenye mashine, pumzi imerudi, na neno lake la kwanza limekuwa kuuliza kama nimekula. Nimelia, mke wangu, mbele za watu. Wakinirudisha Likoni mikono mitupu, njoo kivukoni unipokee, na siku hiyo usiniulize kitu.

Mumeo,
Salim